Ni Nani Aliyewaua?



Katika mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa atuita kuwakumbuka marehemu wote, hata wale ambao duniani hakuna tena mtu wa kuwataja majina. Hapa Tabora ndio mwezi wa mvua za kwanza, tena ndio mwezi ambao maembe ya njia za zamani huanza kuiva. Mgeni ashukaye stesheni hakawii kusimuliwa habari ya miembe yetu, ya kuwa iliota katika kokwa walizotupa watu wa misafara walipopumzika. Habari hiyo ni tamu, nasi twapenda kuisimulia. Walakini wengi waliopita njia ile hawakufika walikokuwa wakienda. Walianguka njiani, wakaachwa njiani, na hadi leo hakuna msalaba wala jiwe la kuonyesha mahali walipolala.

Tumeona vema kuzungumza habari zao juma hili, wala si kwa ajili ya historia tu. Wengi wao walikufa kwa magonjwa ambayo wakati ule hakuna aliyejua yatoka wapi. Na penye ugonjwa usiojulikana mwanadamu huwahi kuuliza swali moja kabla ya maswali yote: Ni nani aliyetuletea? Swali hilo halikuzikwa pamoja nao. Bado twalisikia matangani, na twasikitika kusema ya kuwa twalisikia pia vinywani mwa watu watokao Misani.

Njia ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo penye kiu na hongo nyingi, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora yetu. Hapo iligawanyika. Moja ilielekea Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Manyema katika Kongo. Nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Stanley, aliyekwenda mbio mwaka 1871, alitumia siku 84. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo. Kijana asiyepata kuiona bahari hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili. Walishuka na pembe, wakapanda na nguo za merikani, kaniki na shanga. Na katika misafara mingi walikuwamo watu wengine, wasiokwenda kwa mshahara wala kwa hiari, bali kwa minyororo shingoni. Mizigo yote iliandikwa katika hesabu za wenye mali. Mzigo mmoja tu haukuandikwa, nao ulifika katika kila kituo.

Kwanza ilikuwa ndui. Burton aeleza jinsi walivyokutana na wapagazi walioshikwa na ugonjwa huo, wakijikokota porini. Akina mama wamebeba watoto wao, na mama na mtoto wote wawili wamo katika hali ya kufa. Hapakuwa na kijiji kilichowapokea. Aliyeshindwa kwenda alilala kando ya njia, akabaki hapo. Tusiwahukumu upesi wenye vijiji waliofunga milango, kwa maana walikwisha kuona kwamba ndui huja pamoja na wageni. Katika jambo hilo waliona sawasawa kuliko waganga wao.

Maana tazameni waganga walifanya nini. Burton huyo huyo asimulia desturi aliyoikuta Unyamwezi. Mtemi akiugua, mganga alimpa kuku dawa, akamchinja, akampasua, akamtazama. Doa jeusi likionekana penye mabawa, wenye hatia ni watoto na jamaa. Likionekana penye uti wa mgongo, ni mama au bibi. Likionekana mkiani, ni mke. Miguu nayo ilikuwa na watu wake, yaani watumwa. Walioonyeshwa na kuku waliuawa. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara latushangaza jambo lile lile: katika mwili mzima wa kuku hapakuwa na kiungo hata kimoja kilichoachiwa maji, au mdudu, au njia. Kila kiungo kilikuwa na jina la mtu wa nyumbani.

Kisha ulikuwako mkunguru. Vijana wa leo hawalijui sana neno hili. Wazee walilitumia kwa homa impatayo mgeni aingiapo nchi asiyoizoea. Burton aliugua hata miguu ikakataa kwenda, naye ikambidi kubebwa. Speke macho yake yaliharibika, hata walipolifikia Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858 hakuweza kuliona vizuri. Wazungu wa siku zile walisema ni hewa mbaya itokayo katika mabwawa, na hiyo ndiyo maana yenyewe ya neno malaria kwa Kitaliano. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba ujinga ulikuwa wa upande mmoja. Wasomi wa Ulaya waliishitaki hewa mpaka mwaka 1897, ndipo daktari Ronald Ross kule India alipokikuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu.

Lakini si mkunguru wote ulikuwa wa mbu. Katika vibanda vya kambi na katika matembe ya zamani aliishi papasi, na katika nyumba nyingine za udongo yumo hata leo. Ni mdudu wa rangi ya vumbi, asiye na haraka. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na katika mchanga wa sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya waliolala, hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Aweza kukaa muda mrefu ajabu bila kula, akingoja kambi tupu ipate wageni tena. Homa yake huja kwa siku kadhaa, huondoka hata mgonjwa adhani amepona, kisha hurudi, na kuondoka, na kurudi. Mwenyeji aliyeumwa na papasi tangu utoto wake mara nyingi mwili umekwisha kuizoea homa hiyo, mgeni huanguka.

Hebu fikirini jinsi jambo hilo lilivyoonekana machoni pa watu. Wapagazi wa mbali na wenyeji wamelala kibanda kimoja, wamekula chungu kimoja. Baada ya siku chache wageni wanatetemeka na kupayuka. Wenyeji wazima, wanachota maji na kucheka. Nani asingesema kwamba wenyeji wamewaroga? Nasi tungalikuwako pengine tungalisema vivyo hivyo, tena kwa kiapo.

Mwaka 1904 na 1905 ndipo siri hiyo ilipofunuliwa. Madaktari wa Kiingereza katika Uganda waliikuta. Tena Joseph Dutton na mwenzake John Todd waliichunguza katika Kongo. Dutton mwenyewe alishikwa na homa ile ile, akafa Kasongo, mji wa zamani wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa huko Manyema, tarehe 27 Februari 1905, kabla ya kutimiza miaka 31. Wakati huo huo profesa Mjerumani Robert Koch alikuwa katika nchi yetu. Alikwenda katika vibanda vya kupumzikia wasafiri, akachimbua vumbi la sakafu, akawatoa papasi, akawapasua. Ndani yao alikuta vidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi, na hata katika mayai yao alivikuta, maana papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Hatumfanyi Koch kuwa mtakatifu. Miaka miwili baadaye dawa yake ya malale iliwapofusha baadhi ya wagonjwa wa visiwa vya Sese. Walakini katika jambo hili twamshukuru. Wa kwanza alipasua kuku ili apate jina la mtu. Huyu alipasua mdudu, na hakuna bibi aliyekufa kwa ajili ya alichokikuta.

Kipindupindu tutakisema kwa kifupi, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wanakijua kwa macho. Kilifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, kikaua maelfu, kikafuata misafara bara. Habari zake zilimfikia David Livingstone akiwa Manyema mwanzoni mwa 1871. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati huo, alikaa chini akauliza kila msafiri ametoka wapi na ameona nini, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1876 akaonyesha kwamba ugonjwa haukuruka angani. Ulitembea kwa miguu katika njia za biashara, kituo kwa kituo. Mdudu wake alikuwa bado hajajulikana. Koch alimtambua mwaka 1883 na 1884. Christie hakuhitaji kumjua mdudu ili aione njia.

Ugonjwa mwingine ulioshangaza watu ni safura. Livingstone aliukuta Manyema mwaka 1870. Mtu, na hasa mtumwa, alianza kula udongo. Uso ukavimba na kufifia, pumzi ikawa fupi, nguvu zikamtoka, akafa. Wenye watumwa walisema wanakula udongo makusudi ili wajiue, wawatie hasara. Livingstone, aliyekuwa daktari, alikataa. Aliandika kwamba hata matajiri wenye chakula tele hupatwa, kwa hiyo tamaa ile ya udongo ni ugonjwa, si ukaidi. Leo kila mwanafunzi ajua kwamba safura ni minyoo myembamba ishikayo utumbo na kunyonya damu. Mtaliano Angelo Dubini aliwaona minyoo hao Milano mwaka 1838, na mwaka 1898 Arthur Looss kule Kairo akagundua kwamba vitoto vyao hupenya katika ngozi. Basi fikirini watu mia wanaokwenda peku kwa miezi, wakilala kambi zile zile, wakijisaidia pembezoni mwa kambi zile zile. Mwenye mtumwa alimchapa kwa kula udongo. Huenda udongo wenyewe ulikuwa umekwisha kumla yeye kupitia nyayo.

Mwishoni mwa karne ya 19 yakaja mapigo mengine juu ya hayo. Sotoka iliingia Afrika kwa upande wa Eritrea mwaka 1887, na miaka michache baadaye ng'ombe wa Afrika Mashariki walikufa kwa makundi, watu wakafuata kwa njaa. Funza aliletwa kutoka Brazil kwa meli mpaka Angola mwaka 1872, akavuka Kongo katika vidole vya wapagazi na askari. Mwaka 1892 Oscar Baumann alikuta upande wa kusini wa Ziwa Viktoria vijiji ambavyo watu wake walishindwa hata kuvuna, kwa jinsi miguu yao ilivyooza. Pale ng'ombe walipokufa na watu walipohama, pori lilirudi, na pamoja na pori mbung'o, na pamoja na mbung'o malale. Hayo wazee wa Tabora na Kigoma waliyasimulia kwa uchungu, maana katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi kutoka makwao na kuwakusanya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o.

Tumebakiza ugonjwa mmoja, na huo ndio uliotufanya tushike kalamu.

Livingstone aandika kwamba ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hizi ulikuwa kuvunjika moyo, nao uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Habari yenyewe ni hii. Mfanyabiashara Said bin Habib alikuwa na mateka wengi, akawavusha mto Lualaba. Walipokwisha kuvuka, walitazama nyuma wakauona mto ule mpana umelala kati yao na kwao. Watu 21 walifunguliwa minyororo, kwa kuwa ilidhaniwa sasa hawana pa kukimbilia, wote wakatoroka. Wanane wengine, pamoja na wengi waliokuwa bado wamefungwa, walikufa kabla ya siku tatu kwisha. Hawakuwa na jeraha. Walipoulizwa ni wapi panapouma, waliweka mkono kifuani, mahali hasa penye moyo.

Daktari wa siku hizi angeweza kutaja mambo mengi: njaa, kuhara damu, uchovu, chumvi na maji yaliyopungua mwilini. Yawezekana yote ni kweli. Lakini zingatieni kwamba katika ugonjwa huu, wa pekee kati ya yote tuliyoyataja, swali la nani lilikuwa na jibu. Mwenye hatia alikuwapo, na mkononi alishika funguo za minyororo. Waliohusika walikuwa pia wanunuzi wa pembe za kutengenezea vipini vya visu na vinanda huko Ulaya na Marekani, na wenye mashamba ya karafuu Unguja, na watemi wetu waliouza watu wa jirani. Hakuna mganga aliyepasua kuku kwa ajili ya watu wa Lualaba. Dhambi ilikuwako katika njia ile, tena dhambi kubwa, iliyowakusanya watu katika njaa na uchafu mpaka kila mdudu akapata karamu. Ila ilikotafutwa haikuwako. Iliachwa penye biashara, ikatafutwa jikoni kwa bibi.

Msiseme hayo yalikuwa ya kale. Mwaka 1983, ugonjwa wa kukonda ulipoanza kuonekana Kagera, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichouzwa mpakani, na wengi wakaamini kwamba wachuuzi wa upande wa pili wamewaroga wadeni wao. Wakati jina la mchawi likitafutwa, UKIMWI uliingia nyumba hata nyumba. Mwezi wa Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, walianza kutokwa damu puani na kuanguka, na minong'ono ikaenea nchi nzima. Maabara zikaonyesha kwamba ni homa ya mgunda, itokayo katika mkojo wa panya na wanyama wengine. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa usiojulikana uliwaua watu wilayani Bukoba; ukapimwa, ukaonekana ni Marburg. Walikufa watu 6. Mwaka 2025 ulirudi, safari hii Biharamulo. Kila mara siku za kwanza ni zile zile: jina la ugonjwa halijapatikana, lakini jina la mtu limekwisha kupatikana.

Nasi tumeyaona. Tulipokuwa bado katika utume wa parokia, kabla ya kupewa kazi ya gazeti, tuliitwa katika kigango kimoja cha mbali. Katika nyumba moja watoto watatu walikuwa wamekufa kwa muda wa siku tisa, mwanzoni mwa mvua kama sasa. Baba yao alikuwa mwanakwaya. Tulipofika hatukuombwa sala. Tuliombwa ushauri, nao ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Ramli ilikuwa imepigwa, na ilimtaja mama wa yule baba, mjane wa miaka sabini na zaidi, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe alivyopikia wajukuu wale wale. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba na rozari mkononi. Hakutuuliza neno ila hili moja, kama watoto wamezikwa vizuri.

Tulimchukua usiku ule. Mganga wa zahanati alikwenda kesho yake, akaangalia kisima. Choo kilikuwa juu yake hatua chache, na mvua ya kwanza ilikuwa imepita katikati. Kisima kilifungwa, na kuhara kukakoma. Mwanakwaya aliambiwa, akaona kwa macho, akalia. Lakini mama yake hakurudi kamwe nyumbani. Jina likisha kutajwa halifutiki kwa dawa ya maji. Aliishi miaka minne kwa masista, akafa huko. Nasi twakiri kosa letu: katika mwaka mzima kabla ya hapo tulihubiri kigangoni pale mara nyingi juu ya ushirikina, wala hatukupata kuuliza maji yanachotwa wapi.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, mitume walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana wetu kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake. Walikuwa wametayarisha majina mawili, wamwachie Yesu achague. Bwana hakuchagua. Alikataa majina yote mawili, akatema mate, akafanya tope, akampaka yule mtu macho na kumtuma akanawe. Na katika Injili ya Luka, sura ya 13, alipozungumza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikana kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, akawageuzia wasikilizaji neno la toba. Basi wanaosimama siku hizi na kutangaza kila mlipuko wa ugonjwa kuwa ni fimbo ya Mungu juu ya kijiji fulani, nao pia watafute Injili nyingine.

Twajua msomaji mmoja ameinua mkono. Atasema: Padre, je, Injili hiyo hiyo haitaji pepo? Yataja. Kanisa lafundisha kwamba shetani yuko, na kwamba mtu aweza kumtakia mwenzake mabaya, na kumtilia hata sumu. Hayo si hadithi. Lakini someni Injili zote nne kutoka mwanzo hadi mwisho. Bwana aliwaponya wakoma, viwete, wenye kutoka damu, wenye pepo. Pepo aliwakemea. Je, kuna mahali hata pamoja ambapo alimwonyesha mgonjwa jirani yake na kusema, huyu ndiye aliyekuletea? Mwenye kuupata mstari huo na atuandikie, tutauchapa katika ukurasa huu. Ramli yatoa kila siku kitu ambacho Mwana wa Mungu, aliyejua siri za mioyo, hakukitoa hata mara moja.

Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kijana mweusi mwenye sanduku la dawa. Jina lake Adriani Atiman. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Akaja na msafara wa wamisionari toka pwani, kwa miguu, katika njia hii hii, yeye aliyeujua mnyororo tangu utoto. Alikaa Karema akiwa daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 watu walimletea wagonjwa ambao jamaa zao walikwisha kumjua mchawi. Aliuliza habari za mwili, akatibu, akafundisha dini.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutatoa Misa Takatifu kwa ajili ya wote waliokufa katika njia ya misafara: wapagazi na mateka, wenyeji na wageni, Wakristu, Waislamu na waliosali kwa mizimu ya baba zao, wale wa ndui na wale wa Lualaba walioweka mkono kifuani, na kwa ajili ya wote waliouawa kwa kusingiziwa magonjwa hayo. Familia ambazo hazitaweza kufika zisali pamoja nasi nyumbani, jioni, baada ya rozari. Majina ya marehemu yatasomwa kama ilivyo desturi. Tutaanza na la yule bibi, kwa kuwa katika hao wote ni lake tu tulilo nalo.